Mwaka Mzima wa Matango Bila Chumvi

Walisema sitamaliza hata juma moja. Mama Sifa, jirani yetu aliyekaanga ndagala, dagaa wa ziwani, na kuziuza mbele ya shule, alilisema hilo bombani, ndoo yake imeshajaa na wanawake wengine wakisubiri zamu. "Mutoto wa Kalemie akae bila chumvi? Huyu? Siku ya tatu mutamukuta analamba mufuko wangu." Wanawake wakacheka. Nilikuwa nimesimama palepale, miaka kumi na moja, uso umevimba, ndoo yangu bado tupu. Leo nina diploma ya kilimo ukutani, katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu mwenyewe, na ninaandika bila haya: juma lilipita, na mwaka mzima ukapita nyuma yake.

Ninyi mliokulia Kalemie siku za Zaire hamna haja ya kuelezwa ndagala za Mama Sifa. Zilianikwa mchangani ufukweni mpaka zikawa nyepesi kama makapi, kisha zikaingia katika mafuta ya mawese, zikajikunja, zikapata rangi ya kutu. Akizitoa alizinyunyizia chumvi kwa kiganja kizima, kama mtu anayelisha kuku, na kuzifunga katika karatasi ya daftari la zamani. Mara nyingine ulimaliza ndagala ukakuta chini yake hesabu za mtoto mwingine, zimekosewa na kupigwa wino mwekundu. Kulikuwa na karanga za kukaanga, zenye chumvi iliyobaki midomoni mpaka somo la jiografia, na mihogo iliyokatwa myembamba na kukaangwa ikawa migumu. Asubuhi tulikuwa tumeimba na kucheza mbele ya bendera ya kijani mpaka magoti yakalegea, kwa hiyo ikifika saa ya mapumziko hakuna aliyekuwa na subira.

Desturi ya shule yetu ilikuwa moja: kila benchi na sinia yake. Yetu ilikuwa kipande cha bati kilichokunjwa kingo kwa nyundo. Ulichokuja nacho ulikimimina humo, vyote vikachanganyika, na mikono minne ikala. Aliyekuja mikono mitupu alikaa kama wengine na wala hakuulizwa. Aibu ilikuwa moja tu, kula kutoka mfukoni. Ukionekana unatafuna peke yako, jina lako lilikuwa limekwisha mpaka likizo kubwa.

Sasa fikirini mimi. Asubuhi moja ya masika niliamka macho hayafunguki. Uso ulikuwa umeumuka kama donge la mkate, na Mama alipobonyeza mguu wangu, alama ya kidole chake ikabaki pale kama tundu katika udongo. Baba alikuwa Manono, kwenye migodi ya bati, akirudi mara moja kwa mwaka, kwa hiyo ni Mama aliyenipeleka dispensari. Muuguzi, mtu mwembamba mwenye abakosi, suti ya siku hizo isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, alinibonyeza mguu, akatazama mkojo wangu katika chupa, akasema figo zimechoka. Chumvi ikome mpaka masika ya mwaka unaofuata. Kisha akaniangalia mimi, si Mama. Nikivimba tena na tena, nitalala hospitali muda mrefu, na shule itaendelea bila mimi. Nilikuwa mwaka wa tano. Nilikuwa wa kwanza darasani, na wa pili alikuwa mbali nyuma yangu. Kitisho kingine chochote ningekivumilia, si hicho.

Mama alilificha kopo la chumvi juu ya paa. Alikuwa mkali, hata jirani akija kuomba kidogo alimfukuza. Ila sombe yake, mboga ya majani ya mihogo, iliendelea kuwa tamu, na mimi nilishangaa bila kuuliza. Wiki mbili baadaye nikavimba tena.

Muuguzi alimtaka Mama amtajie kila kitu kinachoingia chunguni, kimoja kimoja. Mama akataja maji, sombe, mawese kidogo, kitunguu. Kisha akataja maji ya majivu. Nyumbani kwa bibi yangu, kabla ya chumvi ya dukani, walichoma matete ya ufukweni, wakaweka majivu katika chungu chenye matundu, wakamimina maji, na yale yaliyodondoka chini ndiyo yaliyokoleza mboga. Mama aliyajua hayo tangu utoto. Muuguzi akaweka kalamu mezani.

"Mama, hii nayo njo chumvi."

"Apana, Papa muganga. Hii ni majani."

"Figo haiulize imetoka dukani ao mutoni."

Akampa Mama nafasi moja zaidi, akasema ya tatu haipo. Tukashika njia ya nyumbani. Karibu na daraja la Lukuga Mama alisimama, akatazama maji yanavyotoka ziwani kwenda zake, akasema mkono wake umezoea, hata akiuzuia utatia kitu. "Kitu chenye kimepita mu chungu changu, sikiamini tena." Kuanzia siku hiyo nilikula bugali wa maji matupu, na vingine vyote vilinifikia vibichi.

Hapo ndipo niliposomea kilimo mara ya kwanza, miaka mingi kabla ya diploma. Karoti iliyong'olewa asubuhi na kuoshwa katika Lukuga ina mlio wake inapovunjwa, mkavu na mfupi, na ile ya juzi hailii hivyo. Tango dogo linashinda tango kubwa, kwa sababu mbegu hazijakomaa. Karanga mbichi, zikiwa bado na udongo wa shamba, zinaacha maziwa kwenye ulimi. Ukimenya shina la kabichi, lile ambalo watu huwatupia mbuzi, unakuta ndani moyo mweupe, mtamu, wenye maji. Mapera nilikula kabla hayajaiva, magumu, yakikwaruza meno. Na mihogo mitamu, ile mibichi, nilikula baada ya mtu mzima kuonja ncha ya kila mmoja, maana mchungu unaua na kwa macho haujulikani. Baada ya wiki kama tatu niligundua jambo ambalo hakuna mtu aliyeniambia: chumvi nilikuwa nimeshaanza kuisahau. Kilichokuwa kikiniwasha ni ule mlio. Meno yangu yalitaka kelele, na karoti iliyapa.

Shida ilikuwa kwamba hatukuwa na bustani. Mama alikwenda kwa Papa Lumbwe, mzee aliyelima karoti na kabichi bondeni, na alipotaka kutugawia bure Mama alikataa. "Mutoto wangu si mwombaji. Mumukopeshe, atalipa." Papa Lumbwe aliniangalia nilivyovimba, akauliza nitalipa na nini. Nikamjibu karoti kwa karoti. Alicheka mpaka akakohoa, lakini alinijazia kikapu, na akaendelea kunijazia. Mama Sifa naye, siku ya tisa tangu nianze kula vibichi, alifika mlangoni kwetu mwenyewe akiwa na matango ya nyuma ya nyumba yake. Aliyaweka kizingitini bila kuingia. "Nimeona hulambi mufuko wangu," akasema. "Basi haya nayo unikope." Kila usiku Mama aliwataja katika sala, Papa Lumbwe na Mama Sifa, kabla hata ya kumtaja Baba.

Lakini shuleni sala haikusaidia. Kwenye sinia kila kitu kilikutana na chumvi ya ndagala, kwa hiyo sikuweza kumimina changu humo wala kutoa chochote. Nilikwenda nyuma ya darasa, penye ukuta uliokuwa ukimeguka chokaa, nikala kutoka mfukoni. Mimi, wa kwanza wa darasa. Waliniita Citoyen Sungura, yaani Mwananchi, kama watu wazima walivyoitana siku hizo. Kila nilipopita, mmoja alitafuna hewa kwa meno ya mbele na wengine wakapiga saluti. Waliuliza kama nimeshaanza kulala shimoni, na kama Mama atanipeleka sokoni masikio yakishakua. Ukitafuna karoti peke yako mahali kimya, unasikia taya zako tu, kubwa, kana kwamba kuna mtu anatembea kichwani mwako kwa viatu. Nyuma ya ukuta walikuwa wakicheka na sikujua wanacheka nini. Mpaka leo sijasikia kelele kubwa kuliko ile.

Katika benchi letu alikuwepo Yuma. Hakuwa na maneno mengi. Siku moja, mapumziko yameanza, nikamwona anakunja kona na muhogo mbichi mkononi, kutoka shamba la bibi yake. Alikaa, akaumenya kwa meno, akaonja ncha yeye kwanza kama watu wazima wanavyofanya, akasubiri kidogo, kisha akauvunja na kunipa nusu. Tulikula tukitazama ziwa. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu pia. Wala hakunionea huruma, wala hakuuliza habari za figo. Aliniambia tu kwamba baba yake ameahidi kumwonyesha ndani ya meli.

Siku ya nne darasa zima lilitufuata kwa kelele, wakaimba kwamba Sungura ameoa. Yuma aliendelea kumenya. Mimi ndiye niliyesimama. Damu ilinipanda, nikaona kwamba watu wote wanadhani ninachungwa kama mtoto mgonjwa, na nikasema mbele yao: "Rudi kwenye sinia yako. Mihogo yako nimeikopa tu, nitakulipa."

Aliniangalia. Akaniwekea nusu yangu juu ya jiwe, akaondoka na yake. Hakurudi tena nyuma ya darasa, na mimi nilikuwa na kiburi cha kutosha kutomwita. Mwaka uliofuata aliacha shule, akaenda kufanya kazi bandarini.

Nilishinda, kama nilivyosema. Masika yaliporudi muuguzi alinibonyeza mguu mara tatu na ngozi ikarudi mara tatu. Nilifaulu mwaka wa tano nikiwa wa kwanza, wa sita nikiwa wa kwanza. Nikapanda treni, nikaziacha Nyunzu na Kabalo nyuma, mpaka Lubumbashi, ambako sikumjua mtu na mtu hakunijua, nikasomea kilimo. Mama alifariki nikiwa mwaka wa pili kule. Treni ilichelewa siku tano, na nilifika kaburi limeshakauka. Nilipomaliza nilirudi Kalemie na diploma yangu katika bahasha. Siku hizo maduka yalikuwa yamebaki na rafu, na hela ya asubuhi ilikuwa haitoshi jioni. Watu wakaniambia diploma hailiwi. Niliomba kipande bondeni, nikalima mwenyewe, na msimu wa kwanza bustani yangu ilizaa kuliko zote za Lukuga. Wanaobisha waulize waliokuwepo.

Vijana wa leo nawaona. Kila mmoja ana pakiti yake inayong'aa, nusu hewa na nusu chumvi, anaipasua, anakula akiwa ameinamia simu, na aliyekaa ubavuni mwake ana yake. Wakifika miaka thelathini wananijia wakilalamika presha. Nikiwaambia wanunue karoti, waioshe, waitafune, wananitazama kana kwamba nimewatuma wakale majani ya paa. Ninawacheka. Ila nikiwatazama sana nakuta kwamba kula peke yako sasa si aibu tena, na mimi ndiye niliyeanza.

Jumamosi moja baada ya mavuno yale ya kwanza nilijaza kikapu nikaenda kulipa. Papa Lumbwe alikuwa amepinda mgongo. Alichukua karoti moja, akaivunja karibu na sikio. "Inalia muzuri," akasema, "lakini ni fupi. Hiyo diploma haikufundisha kuchimba chini?" Alizipokea zote hata hivyo, akazipanga juu ya mkeka moja moja. Mama Sifa hakuwa tena na meno ya mbele. Aliyashika matango yangu mapajani muda mrefu, kisha akamwita mjukuu wake ayakatekate madogo. Msichana akauliza kama atie chumvi. Mama Sifa akaniangalia, akasema, "Apana. Leo bila."

Kwa Yuma nilikwenda mwisho. Nilimkuta gatini, amekaa juu ya magunia ya unga yaliyotoka Kigoma, mabega mapana, nywele nyeupe kwa vumbi. Alinitambua mara moja, akaniita Citoyen, bila lile jina la pili. Nilimpa fungu la mihogo, mizuri, niliyoionja ncha mwenyewe yote.

"Ya nini hii?"

"Ile ya mwaka wa tano. Nilisema nitakulipa."

Alifikiri, akageuza fungu mkononi. "Miye nilikukopesha?"

Nikamkumbusha ukuta, siku tatu, maneno yangu. Nilizungumza sana, nikaeleza na bustani, na Lubumbashi. Nilikuwa nimevaa nguo ambayo ningeweza kukaa nayo juu ya gunia, lakini nilibaki nimesimama. Yuma alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga mihogo kwenye baiskeli yake kwa mpira.

"Watoto watafurahi," akasema. "Basi, tumemalizana."

Msimamizi akapiga filimbi, naye akarudi kubeba. Nilibaki pale kidogo na kikapu kitupu, watu wakinipita na magunia na kuniomba nisogee. Nikasogea. Tangu siku ile hakuna mtu hata mmoja Kalemie anayenidai kitu.