Majina Sita ya Habari za Machipuko

Kwa miaka ishirini na moja karani wa shule ile ya msingi hakuwahi kukosea hata nukta kwenye karatasi ya habari, na alihakikisha watu wanalijua hilo. Mwalimu mgeni akiripoti leo, kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi, ameshaambiwa. Watoto walimwita Mama Mihuri, kwa kuwa mihuri yote mitatu ya shule ilikaa kwenye droo yake, na ufunguo wa droo ulikaa shingoni mwake. Akiitwa hivyo alikunja uso, lakini jina alilipenda, asikudanganye mtu.

Karatasi ya habari ilitoka mara tatu kwa mwaka. Aliyoipenda kuliko zote ni Habari za Machipuko, ile ya baridi inapokatika, madirisha ya madarasa yanafunguliwa na watoto wanaanza kusahau makoti yao kila mahali. Kurasa nne, nakala mia nne na kumi. Humo utakuta bustani inapandwa lini, nani kahama, nani kaajiriwa, makoti mangapi yanasubiri wenyewe. Wiki mbili baadaye, Siku ya Wazazi, wanafunzi sita husimama ukumbini na kuisoma kwa sauti, kila mmoja habari moja. Kuchaguliwa kusoma siku hiyo si mchezo, jamani. Kuna nyumba ambako ile orodha ya majina hukatwa kwa mkasi ikabandikwa ukutani.

Mwaka huo, Ijumaa ya kuchapa, alikuwa na karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa na majina sita ya wasomaji hodari. Nyingine ilikuwa na majina sita ya watoto wa Chumba cha Mwisho, wale wanaopewa msaada kwa sababu kusoma kumewakataa. Mwalimu wao aliileta ipigwe muhuri, waagiziwe vitabu. Simu ikalia. Mzazi akagonga dirisha. Mtoto akaletwa anatoka damu puani. Mama Mihuri aliporudi kitini alinyakua karatasi ya juu, akachapa majina, akayapitia mara tatu kama kawaida yake akitafuta herufi iliyopotea. Herufi zote zilikuwepo. Saa tisa nakala mia nne na kumi zikaenda nyumbani mabegani mwa watoto.

Jumatatu asubuhi, kengele haijalia, akaingia mama mmoja amevaa sare ya wafagizi wa zahanati, anahema. Alikuwa mama yake Pengo, msichana wa darasa la tatu aliyeitwa hivyo kwa sababu meno yake mawili ya mbele yaling'oka siku moja.

"Mama Mihuri, asante," akasema, akimshika mikono yote miwili. "Asante sana. Mtoto wangu kuchaguliwa kusoma! Hajalala tangu Ijumaa. Mungu akuzidishie, mama yangu."

"Pengo?" akauliza karani.

"Pengo huyo huyo. Haya, nimechelewa zamu!" Akatoka mbio.

Mama Mihuri akafungua karatasi. Akaangalia majina: yote sita ya Chumba cha Mwisho. Akakaa. Miaka ishirini na moja ya kujisifu, na leo hii amekosea kosa ambalo hata mtoto wa chekechea asingelikosea. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole asiyependa kelele. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Basi tuandike masahihisho," akasema. "Kikaratasi kidogo tu, kiende leo. Wasomaji ni hawa, siyo wale. Yameisha."

"Yameisha kwetu, Mwalimu Mkuu. Huyo Pengo ataambiwaje? Kwamba jina lake liliingia kwa bahati mbaya? Na hicho kikaratasi atakisoma mbele ya nani?"

"Hatakisoma, mama. Kusoma ndiyo shida yenyewe."

Sasa hapo Mama Mihuri akapandwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Nipe siku kumi," akasema.

"Za nini?"

"Wasome."

"Na wakishindwa? Mbele ya wazazi mia mbili? Watachekwa mpaka watoke shuleni."

"Wakishindwa nitasimama niseme kosa ni langu, na mihuri nakukabidhi. Wale hodari wasome mwisho wa muhula, wao hawapungukiwi kitu."

Mwalimu mkuu akairudisha miwani usoni. Hakuwahi kumsikia akitaja kukabidhi mihuri. Akakubali, ingawa alikubali kwa shingo upande.

Mwalimu wa Chumba cha Mwisho, kijana mrefu mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, yeye alifoka waziwazi. "Umewapandisha watoto wangu jukwaani bila kuniuliza!" Mama Mihuri hakujitetea. Kijana alipomaliza kufoka akapumua, akasema, "Saa nane tunaanza. Njoo na kiti chako, humu viti havitoshi."

Aibu nyingine ni hii: kwa miaka yote hiyo Mama Mihuri hakuwahi kukaa ndani ya chumba kile. Alikuwa akifika mlangoni, anaacha chaki, anarudi. Zamani kilikuwa stoo. Kilikuwa na dirisha moja, meza mbili zilizounganishwa, na sheria moja tu: anayekwama huinua mkono, anasema "Nipo njiani," na hakuna ruhusa ya kumtajia neno. Hata kama utangoja mpaka jua lizame. Siku ya kwanza Pengo alikwama, Mama Mihuri akamtajia neno, na watoto watano wakamgeukia kwa pamoja, "Aaaa! Mama Mihuri!" Akaomba msamaha, yeye mtu mzima mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni kwa shanga.

Siku ya pili akafunga mdomo. Siku ya tatu akagundua kufunga mdomo ni kazi ngumu kuliko kuchapa. Habari ya Pengo ilihusu madirisha ya upande wa mashariki, na kwa kuwa Mama Mihuri hupenda maneno ya kiofisi, aliandika kwamba "yatakarabatiwa". Neno hilo lilimtesa mtoto. Kila siku aliinua mkono palepale, kila siku aliishia katikati, machozi yanamlenga.

"Nitalibadilisha, mwanangu," akasema Mama Mihuri siku ya saba, roho inamuuma. "Tutaweka 'yatatengenezwa'. Ni kosa langu kuandika lineno lote hilo."

"Usibadilishe!" Pengo akafunika karatasi kwa mikono. "Hilo liko kwenye karatasi ya mama. Mama ameibandika."

Basi likabaki.

Siku ya Wazazi ukumbi ulijaa, watu wengine wamesimama ukutani. Mama Mihuri alikaa mstari wa mbele. Wa kwanza akasoma habari ya bustani, polepole, akafika. Wa pili akakwama mara mbili, akafika. Baba mmoja nyuma akanong'ona, "Mwaka huu vipi?" akakanyagwa mguu na mkewe. Wa tatu, wa nne, wa tano. Pengo akawa wa mwisho.

Alianza vizuri. Madirisha ya upande wa mashariki, akasoma, ambayo yamevunjika kwa muda mrefu. Kisha akanyamaza. Akainua mkono.

"Nipo njiani," akasema kwenye kipaza sauti.

Watu wakatazamana. Mtu akakohoa. Mwalimu mkuu, roho yake nzuri ikamponza, akamwinamia mtoto, mdomo umeshafunguka kumsaidia.

"Mwalimu Mkuu, usimwambie!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mama Mihuri alikuwa amesimama wima, kidole hewani, na hakukumbuka hata alisimama saa ngapi. Mwalimu mkuu akarudi nyuma hatua moja. Wakangoja. Wazazi mia mbili walingoja na mtoto wa miaka tisa, na yeye midomo inacheza bila sauti, analipanda lile neno kidogo kidogo.

"Ya-ta-ka-ra," akasema Pengo. "Yatakaraba. Yatakarabatiwa. Yatakarabatiwa kabla ya mwisho wa muhula!"

Makofi yaliyopigwa, we acha. Mwalimu wa Chumba cha Mwisho alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha ubao na kujipaka chaki zaidi. Mama Mihuri alijivunia mtoto yule waziwazi, akawa anamwambia kila aliyekaa jirani, "Namfahamu mimi huyo, namfahamu!"

Watu walipotoka, mama yake Pengo alimkuta Mama Mihuri akipanga viti. Pengo alikuwa amening'inia mkononi mwa mama yake, anapokea hongera za kila apitaye. Mama Mihuri akaona ni haki amwambie yule mama. Akamvuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba lile jina, siku ile, kusema kweli, lilikuwa...

"Kosa," akasema mama yake Pengo. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Mwanangu namjua, Mama Mihuri. Ijumaa ile ile nilijua mmekosea. Ila nilimwangalia alivyofurahi, nikashindwa kumwambia. Ndiyo maana Jumatatu nilikuja mbio na sare yangu kabla ya zamu, nikushukuru kabla hujagundua. Nikasema, huyu mama nikishamshukuru na kumwombea, atamnyang'anya mtoto kwa uso gani?"

 Mama Mihuri akacheka, akashika kiti asianguke, na mama yake Pengo naye akacheka, wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja, wameshikana mabega.

"Kuna nini?" akauliza Pengo. "Mama, mnacheka nini?"

Hakuna aliyemwambia.