Kamba Nyuma ya Jiko

Juzi, rafiki yangu, nilipanda Uluguru kwenda kushusha mashine ya randa ya marehemu baba. Mnunuzi alisema kazi yake inaanzia barabarani, kwenye lori. Huko juu tulikuwa mimi na jirani yetu mzee, basi. Vijana wote wamehamia mjini.

Mashine ile ni chuma kitupu. Nikiwa mtoto niliiona ikishushwa kutoka banda la juu, lililokuwa linavuja, mpaka banda la kati, na tulikuwa watatu tu: baba, mama na mimi. Majirani walikuwa wameteremka sokoni na mboga zao. Mama alichemsha magimbi, akatumiminia chai ya mdalasini, tukala. Baba hakuwa mtu wa maneno.

Tulipanga magogo mabichi ya mgomba njia nzima ili mashine iteleze juu yake. Utomvu uliharibu gauni langu moja kwa moja. Upande wa bondeni baba hakutaka mtu. "Huko hakai hata kuku," alisema, nami nikapewa kazi ya kufukuza kuku.

Mama aliizungusha kamba kwenye mfenesi nyuma ya jiko, akaishika. Kutoka pale haoni kitu. Alishika kwa kusikiliza tu, na baba, pembeni na mtaimbo wake, aliongea siku ile kuliko mwaka mzima. "Legeza. Legeza kidogo. Taratibu, mama." Katikati ya mteremko mashine iligeuka ghafla, ikamwelekea yeye. "Kaza!" Kamba ikalia kwenye gome, chuma kikasimama karibu na goti lake.

Ilipoingia bandani baba aliita, "Imefika!" Mama hakuachia. Alingoja mpaka baba akapanda mwenyewe, akaitoa kamba mikononi mwake taratibu, huku anamcheka. Nilidhani kila mtu mzima ana mtu wa kumfanyia hivyo.

Juzi nilishika mimi, kwenye mfenesi uleule. Jirani, huko chini kwenye mashine, aliita kwa sauti yake ya kikohozi, nikalegeza, nikakaza, nikalegeza, mpaka barabarani. "Imefika, mwanangu!" Namshukuru Mungu, hakuumia mtu. Kisha nikasikia lori likiondoka, na mzee alikuwa kaniambia ataomba lifti humo kwenda dukani.

Nilibaki nyuma ya jiko na kamba iliyolegea. Wazazi wangu wote wawili tumeshawazika. Nilijua hakuna wa kuja kuipokea. Hata hivyo sikuachia, nilingoja.