Ini la Zuleha

Zuleha, muuza vitumbua wa Ujiji, alikuwa mwanamke aliyejaa. Akipita kwenda sokoni, watu walimpongeza mumewe Hamdani: mke amenawiri, unatunza bwana. Kwa watu wa Ujiji mwili wa mke ni sifa ya mume, hilo halina mjadala, na Hamdani, anayelangua dagaa soko la Kibirizi, aliipenda sifa hiyo kuliko alivyokubali kusema.

Halafu ubavu wa kulia ukaanza kumlemea, na uchovu usioisha. Zuleha akaenda hospitali peke yake, akapigwa picha ya tumbo. Daktari, binti wa Kiha aitwaye Winfrida, akamwambia ini lake limejaa mafuta. Ini tena! Kwao ini ni ugonjwa wa walevi, wale wa pombe ya ndizi huko vijijini, si wa mwanamke anayefunga mpaka Jumatatu za sunna. Akamwapia daktari kwamba hajawahi hata kuonja. Winfrida akasema anamwamini, akamweleza taratibu kwamba mafuta ya ini hayangoji pombe. Chai ya sukari, vitumbua, wali, kukaa kutwa na damu ya ukoo vinatosha. Mama yake Zuleha si alikufa kwa kisukari? Watu hawalingani, akasema. Kwao Uha kuna mabibi wanaolima vilimani mpaka uzeeni na ini safi, lakini wakihamia mjini wakakaa tu, nao yanawapata. Kuna hata wembamba ambao mafuta yamewajaa ndani. Apunguze mwili, atembee, ini linaweza kurudi vizuri.

Zuleha alielewa kila neno. Lakini nani mwingine angeelewa? Neno ini likitoka tu mdomoni, mtaa mzima ungeshaamua kwamba anakunywa kwa siri. Na Hamdani je, angeamini? Hapo ndipo alipokwama. Akanyamaza.

Akapungua. Weee, alipungua kweli. Akawa anavaa vitenge viwili chini ya dera ili nyonga zisionekane zimeondoka, na mtaa haukudanganyika hata kidogo. Tena hawakumsema yeye, walimsema mumewe. Hamdani mchoyo. Hamdani ana mwanamke mtaa wa Gungu, ndiko chakula kinakokwenda. Kibirizi wenzake wakamuuliza mbona dagaa wote anauza, mkewe hambakizii? Alipomuuliza Zuleha anaumwa nini, alijibiwa ni uchovu tu. Hakuuliza tena. Akaanza kutoka asubuhi bila kusimama kusalimiana na majirani.

Mwisho wakaja ndugu zake Zuleha kutoka Buzebazeba, kaka yake Pazi na shangazi yao Saumu, wakamkalisha Hamdani chini. Zuleha alikuwa nyuma ya pazia akisikia yote. Saumu alisema walimpa binti mzima, sasa wanarudishiwa mifupa. Kama kulisha kumemshinda, kwao chakula kipo, wanamchukua leo hii. Hamdani, mtu mzima mwenye mvi, akainamisha kichwa, akaomba radhi kwa kosa asilolijua.

Hilo Zuleha hakuliweza. Akatoka.

"Shangazi, ananilisha. Ini langu lina mafuta, daktari ndiye aliyeniambia nipungue."

Saumu akamtazama juu mpaka chini. "Ini? Umeanza kunywa lini?"

"Huyu hanywi," Hamdani alisema, kabla Zuleha hajafungua mdomo. Hakugeuka kumtazama mkewe, wala hakufikiri mara mbili. Akamgeukia Pazi, akamwambia vilevile: mke wake hanywi, na kama daktari amesema apungue, basi atapungua.

Zuleha akabaki amesimama mlangoni. Aliloliogopa kwa mumewe halikuwapo, wala halijawahi kuwapo, na kwa ajili ya hilo alikuwa amemwacha atukanwe sokoni, mtaani, na sasa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aibu ikamjaa mpaka masikioni. Wageni walipoondoka, Hamdani alimuuliza kwa upole kama ubavu bado unamuuma. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Zuleha alijibu kwamba hauumi, akashindwa kuinua uso.