Tarumbeta ya Yaya Siku za Matanga

Sifa zote zimrudie Mungu Baba, aliyeweka pumzi katika kifua cha mwanadamu na anayeijua siku ya kuichukua. Namshukuru kwa kuniachia yangu hadi uzee huu, na leo naitumia kidogo kueleza jambo ambalo hata watoto wangu sijawaeleza vizuri.

Ilikuwa zamani za Wabelgiji. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama, alisoma koleji ya mapadri kule Kasongo, na alipiga tarumbeta katika jazi ya koleji. Jazi tuliita kundi zima la muziki: tarumbeta, klarineti, magitaa, ngoma. Likizo yake ya mwisho alirudi kwetu upande wa Kabambare amekonda, tarumbeta ikiwa ndani ya mfuko wa turubai. Hakuipiga hata mara moja. Alikohoa tu, na kabla ya wiki tatu kwisha tulimzika.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, na koleji hiyohiyo ilikuwa imenikubali. Padri wa misheni yetu aliniambia kwamba tarumbeta ni mali ya koleji, niirudishe mwenyewe. Akaongeza kwamba siku ya kufungua shule wangejaribu wanafunzi wapya, kwa kuwa kiti cha yaya katika jazi kilikuwa wazi. Atakayeshinda atapewa kiti na tarumbeta pamoja. Nikaamua nitakuwa mimi. Sikutaka mdomo wa mtu mwingine uguse pale ulipokuwa mdomo wa yaya. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Nilijua kupiga kidogo. Likizo za nyuma, kabla hajaugua, yaya alinifundisha vidole, na rumba moja ya polepole ambayo jazi ilifungia nayo sikukuu zote. Shida ilikuwa matanga. Kwetu, nyumba iliyofiwa haitoi muziki mpaka siku arobaini zitimie. Hakuna ngoma, hakuna wimbo isipokuwa wa kanisa. Mama alilala chini kwenye mkeka, na sote tulisema kwa sauti ndogo. Hesabu ya siku ilikuwa mbaya kwangu: arobaini zingetimia siku moja tu kabla ya lori la pamba kunichukua kwenda Kasongo.

Kwa hiyo nilijizoeza bila sauti. Kila alasiri nilikwenda nyuma ya shamba la mpunga, naweka tarumbeta mdomoni, nabonyeza vile vifungo vitatu, na pumzi naitolea puani. Binamu zangu waliokuwa wakifukuza ndege mpungani waliniona.

"Eh, weye! Hiyo tarumbeta unainyonya kama muwa?"

"Mumuache, iko anapigia viziwi."

Nilicheka nao. Lakini kichwani rumba ilikuwa ikilia, safi, kila noti mahali pake. Katikati, kwenye noti ndefu, palikuwa na mkato mdogo, kama mtu anayezuia pumzi asikohoe. Sikukumbuka kufundishwa mkato huo. Nilidhani ndivyo wimbo ulivyo, vidole vyangu vikaufuata. Siku moja nilipoitoa tarumbeta mfukoni, kinywa chake kilikuwa na joto na unyevu. Mfuko ulikuwa umekaa kivulini tangu asubuhi. Nilijipangusa midomo, nikaendelea.

Jioni hiyo mama aliniita pale mkekani.

"Hii siku ya tatu miye nasikia. Acha. Mutoto wangu hajamaliza hata siku zake."

"Mama, sipulizi. Ni vidole tu."

"Usinidanganye. Nasikia ile yao ya polepole, ile ya mwisho."

"Mama, naapa mbele ya Mungu. Hata pumzi moja siweki."

 Mama akajilaza tena, akageukia ukuta.

"Basi si weye," akasema.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo, lakini sikuacha mazoezi.

Siku ya arobaini mama aliinuka mkekani, akaenda mtoni kuoga, watu wakala. Kesho yake asubuhi nilipanda lori, juu ya magunia ya pamba. Tulifika Kasongo jua limeshuka, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kujaribiwa. Mwalimu wa muziki, mtu wa Kasongo mwenye miwani, alikaa peke yake nyuma ya meza. Wenzangu wawili waliotaka kiti hicho walisimama dirishani.

Nilipuliza kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kikatoka kitu kama mbuzi amekanyagwa.

"Wa Kabambare wamemuleta mbuzi wao!" mmoja akapiga kelele.

"Nyamaza wewe," mwalimu akasema. "Anza tena."

Safari hii rumba ikatoka. Midomo iliniuma, lakini vidole havikukosea. Nilipofika kwenye noti ndefu, nikakata. Mwalimu akainua uso.

"Rudia pale."

Nikarudia, nikakata.

"Sasa piga bila kukata."

Nilijaribu. Kifua kikafunga chenyewe, palepale. Mwalimu alivua miwani.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Ndivyo wimbo ulivyo, mwalimu."

"Hapana, sivyo. Yule marehemu ndiye alikata pale, mwaka huu tu, kifua kilipoanza kumsumbua. Alinificha, lakini nilisikia. Wewe umemsikia wapi?"

Nilimweleza ukweli: mwaka huo yaya hakunipigia hata noti moja. Mwalimu akainuka. Alinipeleka mwenyewe dispensari. Muuguzi alinigonga mgongo, akasikiliza kushoto na kulia, akasema kifua kizima kabisa.

Tulirudi darasani. Mwalimu akaichukua tarumbeta ya yaya, akaifungia kabatini. Akanipa nyingine, kuukuu, iliyobonyea.

"Kiti ni chako. Hii yake sikupi."

"Mwalimu, mimi nilikuja kwa ajili yake. Nipe hiyo, kiti mpe mwingine."

"Najua ulijia nini. Muache apumzike, mwanangu. Na wewe upumue."

Nilipiga rumba kwa ile iliyobonyea, machozi yakinitoka, na nikafika mwisho wake bila kusimama. Wale wawili dirishani hawakucheka. Nilikuwa nimepata kile ambacho kila kijana pale alikitaka, na kile nilichokuja kukitafuta kilikuwa nyuma ya kufuli. Nikaingia kanisani nitoe shukrani, maneno yakakataa. Nilisema sala ya marehemu tu. Shukrani yenyewe ilikuja wakati wa majilio, kabla ya Noeli, miezi baadaye, nikiwa nimekaa kwenye kiti hicho sikukuu hata sikukuu, na hapo nikatambua kwamba nilikuwa nimeanza kumkumbuka yaya bila kumwogopa.

Watu wameniuliza mama alisikia nini. Mafundisho niliyopokea hayanipi ruhusa ya kulipa jambo hilo jina, nami silipi. Namwachia Mungu anayejua.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akupe kifua kizima na usingizi usio na hofu. Wafu wako awalaze katika mwanga wake, na akupe ukarimu wa kuwaachilia waende kwake. Amina.