Wake Wenza na Darubini ya Bunduki

Juzi hapa Guangzhou, kwenye duka moja karibu na stesheni ya Liuhua, niliwakuta wake wenza wawili wa Dar. Kila mmoja alitaka kumpelekea mume wao darubini ya kufunga kwenye bunduki yake ya kuwindia swala. Na bunduki yenyewe ni moja tu.

Mke mdogo aliikumbatia darubini inayong'aa kama bangili. Mke mkubwa alitumbukiza nyeusi kwenye beseni la maji, akaitoa, akachungulia. Kioo hakikuingia ukungu. Akaigonga kwa kiganja, msalaba wa kulengea ulio ndani haukuhama.

"Hii itahimili teke la bunduki," akasema. "Hiyo yako, mdogo wangu, swala ataiona kabla hajaonwa."

Mdogo akanuna, akairudisha yake. "Nipe kama ya dada," akamwambia muuzaji.

"Meiyou," muuzaji akajibu, yaani hakuna nyingine.

Mkubwa akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Mdogo akauvuta mtandio wake: "Basi nami namnunulia bunduki ya zamu yangu!"

Marehemu mume wangu hakuwahi kuua hata panya, nikawaonea wivu wote wawili. Wa kuhurumiwa ni swala, maana sasa watawindwa kwa zamu.