Mama Aliyevaa Kikwembe Tofauti

Nakumbuka siku tuliyochagua kikwembe, yaani kitenge, cha ndoa yangu vizuri kuliko ninavyoikumbuka misa yenyewe. Tulikuwa wasichana wanne mbele ya duka moja hapa Kamina, pesa yetu kidogo, hamu yetu kubwa, na mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyegundua namna ya kupata kitu kizuri bila kukilipia.

Mwanangu, wewe unayepanga kuoa au kuolewa mwaka huu na pesa haitoshi, nataka nikueleze jambo hili polepole. Sitakukataza kufanya sherehe nzuri. Yetu ilikuwa nzuri, na mume wangu alikuwa karani mdogo tu. Tulifunga ndoa Jumamosi asubuhi katika misa moja na maharusi wengine, kwa hiyo maua ya kanisani yalikuwa ya wote. Hatukukodi ukumbi. Tulifagia uwanja wa baba, tukaazima viti parokiani, na turubai tuliipata kwa jirani ambaye mkwe wake alikuwa askari kule Base, kambi ya jeshi. Wanakwaya walikuwa wenzangu; walitaka bukari, ugali wetu wa huku, na soda tu. Gauni niliazima kwa dada wa mume wangu, nikapunguza kiuno kwa mshono ambao ungefumuliwa kesho yake. Haya yote nakushauri uyafanye, wala usione aibu. Mgeni haulizi kiti kimetoka wapi. Anataka pa kuketi.

Kosa langu lilikuwa kwenye kikwembe. Unaijua desturi yetu: familia ya bibi harusi huvaa kitambaa cha namna moja, na kila mtu hujinunulia chake na kumlipa fundi wake. Nikajiambia, kwa kuwa hapa sitoi kitu, acha nichague kilicho kizuri kuliko vyote. Nikachagua cha samawati chenye ndege wa manjano, kilichokuwa kimefika karibuni kutoka Lubumbashi. Muuzaji alitutazama, akasema, "Hii haiko ya kila muntu, bamama." Nilidhani ananisifu.

Tukapeleka habari kwa ndugu wote. Rafiki yangu Agnès akaongeza mzaha wake: "Hakuna kikwembe, hakuna picha!" Nilicheka sana, kisha nikaenda kuurudia mzaha ule kwa wengine.

Sasa nikuambie habari za Mama Ngoie. Huyu alikuwa mdogo wake mama yangu. Mama alipofariki nikiwa mtoto, yeye ndiye aliyenichukua hadi kwake Mulongo, akanilea kwa samaki na muhogo, akanisomesha hadi nikarudi Kamina nikiwa msichana mkubwa. Alifika siku mbili kabla ya ndoa. Alipanda boti hadi Bukama, kisha treni, akiwa na vikapu vinne vya samaki wa kukaushwa kwa moshi. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha sherehe nzima.

"Mama, kikwembe yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko kwa fundi," akajibu, huku akifungua vikapu. "Weye angalia bintu yako. Hii samaki ya chini njo ya bakubwa, usiitoe ya kwanza."

Nikamwamini. Nilikuwa na mengi ya kufanya, na jibu lile lilinipunguzia moja. Sikuuliza fundi gani.

Siku ya sherehe familia yangu ilipendeza kweli. Ukitazama upande wetu uliona samawati tupu. Baada ya misa watu wakaketi chini ya turubai, na shangazi yake mume wangu, Mama Kabange, akasimama na furushi mkononi. Katika mahari huwa kuna kikwembe cha mama, shukrani kwa yule aliyemlea bibi harusi. Familia ya mume wangu ilikuwa imekiweka makusudi hadi siku hiyo, ili kitolewe mbele ya watu.

"Nani alilea huyu mutoto?" akauliza kwa sauti. "Asimame, tumuone!"

Hakuna aliyesimama. Pembeni ya baba kulikuwa na kiti kitupu. Nilikuwa nimekipita mara mbili bila kukiona.

"Iko ku moto," mtu akasema nyuma. "Anasonga bukari."

Wakamwita. Alikuja hadi kwenye pembe ya nyumba, akaishia hapo, na kikwembe chake cha siku zote kilichopauka, unga hadi kwenye viwiko.

"Kuya hapa, mama," Mama Kabange akamwambia asogee.

"Hapana, nitabakia huku. Minyi sina na kikwembe ya bantu ba ndoa. Nitaharibisha picha."

Agnès akainamisha kichwa. Mimi nilikaa pale na gauni langu jeupe la kuazima, nisijue nitazame wapi.

Mama Kabange akaangua kicheko. "Weye mama njo wa kutuchekesha! Tunakuletea kikwembe, unasema hauna na kikwembe?" Akavuka uwanja, akamfunga kile kipya juu ya kile kilichopauka, chekundu chenye majani meupe, akamshika mkono na kumketisha kwenye kiti chake. Wanawake wakapiga vigelegele.

Watu walipoanza kula, Mama Kabange akaniinamia. Hakupaza sauti.

"Mutoto yangu, ndoa yako iko muzuri, na ulipanga na akili. Lakini hii kikwembe ya bantu benu, nani alilipa?"

"Kila muntu alijilipia, shangazi."

"Na ule asiyekuwa na franka?"

Nikageuka kukitazama kile kikwembe chekundu.

"Ule njo alilipa kupita bote," akasema, akarudi kuketi.

Kesho yake, tukiosha masufuria, nilimwomba Mama Ngoie msamaha. Aliendelea kusugua. "Wacha, mutoto. Pesa ilikuwa ya kitu kimoja: kikwembe ao nauli. Ningenunua kikwembe nikabakia nayo Mulongo, ningekuona namna gani?" Baadaye nilisikia kwamba binamu zangu wawili wa Bukama hawakupanda treni kabisa. Hao hawakuniambia sababu, na mimi sikuhitaji kuambiwa.

Kwa hiyo, mwanangu, unapoandika orodha yako na kufuta gharama moja baada ya nyingine, ni vizuri, futa. Lakini kila unapofuta, uliza: je, imekwisha kweli, au nimembebesha mtu? Kiti cha kuazima kinarudi kwa mwenyewe, gauni linarudi. Kikwembe ghali ulichomwagiza shangazi yako anunue hakirudi, na yeye hatakuambia kwamba hana. Atasema kiko kwa fundi. Mfuate hadi kwa huyo fundi.

Binti yangu alipoolewa tulinunua wenyewe vitambaa vichache vya bei ya kawaida, tukavikata vilemba. Kila mama akapata kimoja, akavaa na nguo yoyote aliyokuwa nayo. Wanaume tuliwakatia kipande kidogo cha kuweka kwenye mfuko wa shati. Ilipendeza, na hakuna aliyejificha jikoni.

Picha ya ndoa yangu bado iko ukutani. Ndugu zangu wote wamevaa ndege wa manjano, isipokuwa mama mmoja mwenye kikwembe chekundu, ameketi katikati. Kila mgeni huuliza yule ni nani. Najibu: huyo ndiye mama yangu. Na kila nikijibu, nakumbuka jinsi kiti chake kilivyokaribia kubaki kitupu.

Basi nenda ukapange ndoa yako bila hofu, mwanangu. Kidogo ulicho nacho kinatosha. Mungu awape nyumba yenye amani na watoto wenye afya. Azuie mvua siku hiyo hadi watu washibe, na kila aliyekulea akute kiti chake mbele, bila kuulizwa amevaa nini.