Nakala za Ijumaa

Mume wangu Filemon hajawahi kupoteza karatasi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kumsema nitamsema, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimeolewa na mzembe. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja hapo Moshi mjini miaka thelathini na moja. Mtajie mtu aliyeomba likizo mwaka niliomzaa Denis, atakuambia faili lake lilikaa rafu ya ngapi. Nyumbani kwetu Old Moshi hata dawa ya minyoo ya ng'ombe ina bahasha yake, na bahasha ina tarehe.

Kompyuta aliinunua kwenye mnada, ofisi ilipobadilisha vifaa. Ni ile ya zamani yenye kisogo, na boksi lake linakaa pembeni. Aliiweka sebuleni, meza ya kona, akaanza kuitunza kuliko alivyowahi kunitunza mimi. Ana brashi ya rangi ya kufagilia vumbi kwenye vibonye. Radi ikianza kunguruma huko juu mlimani, anakimbilia kuchomoa nyaya, na nguo zangu ziko kwenye kamba zinalowa.

Na mimi niliifunika kitambaa. Kwetu kitu kisicho na kitambaa kiko uchi: kochi, redio, jagi la maji, vyote vina vyao. Hicho nilikifuma kwa mkono wangu, cheupe chenye pindo la njano, kikashuka mpaka chini ya boksi. Filemon aliniambia taratibu, "Mama Pamela, hii mashine inapumulia huku nyuma. Ukiifunika inachemka." Nikamjibu sawa. Akienda kwenye kikao cha wazee wa kanisa, narudishia. Wageni wanapitia mlango wa mbele, waone nini, manyaya? Mara nyingine ilikuwa inawaka humo ndani na mimi najua inawaka. Nilijiambia haitakufa kwa kitambaa.

Sasa kuna mama yake, mama mkwe wangu, Eliza. Ana miaka tisini na kitu. Yeye ndiye wa mwisho kukijua kihamba chetu, shamba la ukoo: nani alipanda migomba ipi, mtoto gani amezikwa penye masale yapi, yale majani tunayopanda kuwa alama ya kaburi, shemeji yupi alihamishwa na kwa nini. Kuna msiba tulipata, wanaume wakawa hawajui wachimbe wapi wasije wakakuta kaburi la zamani. Mama akaletwa na fimbo yake, akaonyesha mahali. Wakachimba pakavu, safi. Wiki iliyofuata Filemon akanunua maikrofoni.

Kila Jumapili baada ya ibada, kwa miaka mitatu, alimkalisha mama yake mbele ya ile kompyuta na kumrekodi. Mama alisema yote, kwa Kimochi. Mimi ni wa Mkuu, Rombo, na Kichagga cha kwetu si hicho. Nimekaa hapa miaka thelathini na sita, najua salamu, najua cha sokoni, najua nikiwa nasengenywa. Nyumba yetu imeongea Kiswahili tangu siku ya harusi, na watoto ndicho walichokulia. Kwa hiyo nilipita na chai yangu, maneno ya mama mkwe yakapita juu ya kichwa changu kama mvua juu ya bati. Nilijiambia hayanihusu, atatafsiri mwenyewe.

Kila Ijumaa alichukua nakala. Anachomeka flashi yake moja, anafuta nakala ya wiki iliyopita, anavuta ile alama iliyoandikwa MAMA pale kwenye kioo, anaidondosha, halafu anaandika kwenye daftari: nakala imechukuliwa. Kisha anaifungua kwenye ile flashi, na kweli mama anasikika anaongea. Hapo anaitoa, anaitia kwenye bahasha, anaandika tarehe. Nilimcheka sana. Nilimwambia hata benki hawalindi hivyo.

Mwezi wa tatu mwaka huu mama alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakaondoka yote. Anakutazama, anakujua, anafungua mdomo, inatoka sauti moja tu isiyo na umbo. Basi mama yetu akabaki ndani ya ile kompyuta. Filemon akasema Krismasi watoto wote watakapopanda nyumbani atawasikilizisha, na kabla ya hapo atakuwa ametafsiri kila kitu. Alikuwa hajaanza. Alisema hana haraka, nakala anazo.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja, ikaanza kugonga ndani. Tk, tk, tk, kama mtu anagonga kopo kwa ukucha. Ikanuka. Filemon alitoa kitambaa changu, akagusa boksi, akarudisha mkono haraka. Alikikunja kitambaa mara nne, akakiweka kwenye kochi.

Tulikodi gari tukaipeleka mjini kwa Chetan, ambaye baba yake ndiye alikuwa akitutengenezea redio.

"Shikamoo mzee Filemon, shikamoo mama," akasema, akafungua skrubu.

Ndani kulikuwa na vumbi lililoshikana na masizi. Kwenye feni akakuta kitu kimejiviringisha, akakivuta kwa koleo dogo. Uzi mweupe. Akaendelea kuvuta, ukaja wa njano. Filemon aliutazama. Mimi nilitazama kalenda ukutani.

"Feni ilikuwa haizunguki siku nyingi," Chetan akasema. "Diski imeungua, mzee. Inajikwaruza. Nitajaribu, na nikishindwa kuna jamaa Dar nitawatumia, ila nisikudanganye."

"Haina shida," Filemon akasema, na akatabasamu, jamani, yule mwanaume akatabasamu. Akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti. "Nakala ninayo."

Chetan akachomeka flashi kwenye kompyuta yake. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akavua miwani.

"Mzee, humu hamna sauti. Humu kuna alama tu."

"Alama ya nini? Mimi naifungua kila Ijumaa. Naisikia."

"Unaifungua kwenye kompyuta ipi?"

"Hii hii."

Chetan alimweleza polepole, na namshukuru kwa upole ule. Kuna fundi mmoja wa Kiboriloni aliyeitengeneza kompyuta zamani, ilipojaa. Yeye alizihamishia sauti sehemu nyingine ya diski, akaacha pale kwenye kioo alama ya kukupeleka zilipo. "Ni kibao cha njia, mzee. Umekuwa unanakili kibao. Ulikuwa unafika kwa sababu nyumba ilikuwepo. Sasa nyumba haipo."

Filemon alikaa. Miaka thelathini na moja masjala, ukibeba jalada lenye jina la mtu umebeba na karatasi zake, na hakuna siku hata moja ambayo jalada lilimdanganya. Nilitaka kumgombeza, ndiyo kawaida yangu nikiogopa. Nikakumbuka ule uzi wa njano, nikaacha.

Chetan akashindwa. Diski ikaenda Dar, wiki tatu, ikarudi na jibu kwamba haiwezekani. Katika wiki hizo zote Filemon hakukitaja kitambaa. Afadhali angenifokea, ningejua nasimama wapi.

Watoto wakapanda. Denis kutoka Dodoma, Pamela kutoka Mwanza, wajukuu, nyumba ikajaa. Filemon aliwaambia ukweli mezani, mtori ukiwa kwenye sahani. Ndipo Pamela akasema, "Baba, si uliwahi kunitumia moja kwenye simu? Ile siku uliponunua maikrofoni, ulitaka nisikie inavyovuta sauti."

Alipekua mpaka akaipata. Sekunde arobaini. Tukamzunguka bibi yao kwenye kiti chake, Pamela akaitia simu ndani ya bilauri isikike vizuri.

Ikatoka sauti ya mama. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na sauti nene vile, ya kuamrisha. Mama mwenyewe alikaza macho kwenye bilauri. Filemon akawa anatafsiri nyuma yake: "Ukishuka kwenye mfereji, masale ya kwanza, hapo amelala mtoto wangu wa kwanza. Hakuna anayemtaja tena. Nataka mumtaje. Jina lake..."

Na hapo nikaingia mimi, kwa Kiswahili, na sauti yangu ya jikoni: "Mama, chai inapoa. Baba Pamela, hebu zima hicho kitu mnywe chai."

Ikaisha.

Wajukuu walicheka, wakataka irudiwe. Ikarudiwa. Mara tatu nikamkata maneno mama mkwe wangu mbele ya uzao wake wote.

Filemon alipiga magoti mbele ya mama yake akamwuliza lile jina. Mama akafungua mdomo, ikatoka ile sauti moja. Akamwekea kalamu mkono wa kushoto, ikachora mstari, ikaanguka.

"Alilisema tena Jumapili nyingine," Filemon akatuambia. "Walikuwa watoto wanne waliokufa, na wote aliwataja. Sikuyashika majina. Nilikuwa nimeyahifadhi."

Halafu akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mama Pamela, ile siku nilizima nikaenda kunawa mikono. Wewe ulibaki naye unammiminia chai. Aliendelea kuongea, nilikuwa namsikia kwa mbali. Alikuambia nini?"

Alikuwa ameniambia, ni kweli. Nakumbuka alinishika kiganja, akasema polepole, kama mtu anayetaka uelewe. Nikamjibu, "Ndiyo, Mama," kama ninavyojibu kila Kimochi kinachonizidi, nikamsogezea sukari.

Wote walikuwa wananingoja, na mama mkwe pia, ameninyooshea ule mkono wa kushoto.

"Sikumbuki," nikasema. "Alisema, na sikumbuki."